Muulize Mama Safari: Ukitokea Kigoma, Kazi Ni Kufika Dar

Mwezi huu barua za watu wa mikutano zimekuwa nyingi mpaka nikajiuliza kwani Kigoma na Tabora wote wamegeuka maprofesa, maana zamani nilikuwa naulizwa mambo ya Hija na mambo ya kumfata mume Afrika Kusini. Haya, nimechagua tano, majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

Shikamoo Mama Safari. Mimi mtafiti mchanga, nashughulika na samaki aina ya migebuka hapa Ziwa Tanganyika, naishi Gungu. Nimealikwa kwenye mkutano wa watu wa maziwa huko Konstanz, Ujerumani, tarehe 14 mpaka 18 mwezi wa tisa. Pasipoti ninayo, ina miaka miwili tu. Waandaaji wananilipia usajili na hoteli, nauli inatoka kwenye mradi wetu. Sasa tiketi zote naona zinashukia Zürich ambayo ni Uswisi, je niombe viza ya Uswisi au ya Ujerumani au zote mbili? Na nianze lini, wenzangu wananiambia wiki tatu zinatosha kabisa. – Gungu, Kigoma

Marahaba mwanangu, hongera sana. Hao wenzako wa wiki tatu mimi naamini wanakaa Mikocheni, wao wakisahau karatasi wanapanda bajaji wanairudia nyumbani, wewe ukisahau karatasi umeshavuka Malagarasi.

Nianze na Zürich. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya ila imo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa iyo viza ni moja tu, na unaiomba kwenye nchi unayoenda kukaa siku nyingi au yenye shughuli yenyewe, sio ile ndege inakotua. Wewe mkutano wako uko Ujerumani, unalala Ujerumani, basi unaomba ya Ujerumani. Kushukia Zürich ni jambo la kawaida kabisa kwa watu wa Konstanz, treni toka uwanja wa ndege haizidi sana saa moja, mji wenyewe umegusana na Uswisi mpaka unavuka mpaka kwa miguu ukienda kununua mkate. Ila kwenye fomu andika wazi kwamba unaingilia Uswisi, usije ukaonekana unaficha.

Lini uanze? Sheria ya Schengen inakuruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Hizo 15 ndo wenzako wamezisikia wakaongezea wiki moja wakaona wamekuwa waangalifu. Sasa sikia, siku 15 ni muda wa kawaida wa kutoa jibu, lakini wakitaka kukuchunguza zaidi wanaruhusiwa kufika siku 45. Chukua kalenda, unataka kuondoka tarehe 12, rudi nyuma siku 45 unatua tarehe 29 mwezi wa saba. Hiyo ni siku ya kuwa umeshakabidhi makaratasi na umeshaweka alama za vidole, na kabla yake kuna kusubiri miadi ambayo huwezi jua itakuwa lini, na kabla ya miadi kuna wewe kufika Dar. Mimi ningekuwa wewe mwezi wa sita ningekuwa nagombana na watu wa benki kuhusu steitimenti.

Vidole lazima uende mwenyewe, hilo halina ujanja, labda kama ulishawahi kuweka kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Kwa iyo hesabu basi la kwenda Dar, au treni, au ndege kama mradi unakubali, hesabu na siku mbili za kulala Dar kabla ya miadi. Mimi mara ya kwanza nilifika Dar alfajiri na basi, miguu imevimba kama mihogo, miadi yenyewe saa nne, nafika dirishani yule dada anaangalia barua ya mwajiri anasema mama hii haina sahihi. Kweli haikuwa na sahihi. Ilikuwa na muhuri, tarehe, kichwa cha barua, kila kitu, bosi kasahau kusaini na mimi sikuangalia. Barua mpya ikaja na basi la siku iliyofata, konda kaihifadhi juu ya kioo, nikaweka miadi upya, nikakaa Dar siku tisa kwa shemeji yangu mpaka akaanza kuniuliza mchana napika nini.

Kwa iyo kabla hujapanda basi, kaa chini na mtu mwingine, sio peke yako, asome karatasi moja moja kwa sauti. Jina kwenye barua ya mwaliko liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana sisi tuna majina matatu na wazungu wanapenda kuandika mawili halafu la baba wanaligeuza. Barua ya mwaliko iseme nani analipa nini: usajili wao, hoteli wao, nauli mradi wenu, na mradi wenu nao watoe barua yao inayosema hivohivo. Barua ya mwajiri iseme umepewa ruhusa kuanzia lini na unarudi kazini lini. Steitimenti ya benki ya miezi mitatu. Bima ya safari inayofika walau euro 30,000 na inayogharamia matibabu na kurudishwa nyumbani, Mungu apishe mbali. Bukingi ya ndege, nasema bukingi, usinunue tiketi kamili kabla ya viza. Pasipoti iwe na kurasa mbili wazi na iishi miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka kwao, yako haina shida. Ada ni euro 90, ukinyimwa hairudi.

Hizi karatasi zote zinasimulia hadithi moja tu: huyu ni nani, anaenda kufanya nini, nani anamlisha, na kwa nini atarudi. Karatasi moja ikisema tarehe 18 na nyingine ikasema 20 hadithi imeharibika, hata kama wewe ni mkweli kuliko malaika.

Pasipoti kwa kawaida inabaki kwao mpaka jibu litoke, kwa iyo kama ulikuwa na mpango wa kwenda Bujumbura kwenye harusi katikati hapo, usahau.

Viza ikitoka isome palepale kabla hujatoka nje. Utaona tarehe ya kuanzia na ya mwisho, halafu utaona namba ya siku za kukaa. Watu wengi wanaangalia tarehe tu. Unaweza kukuta tarehe zinakupa wiki tatu na siku za kukaa ni nane, basi zako ni nane, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Bukingi yako ikiwa na siku tisa unapiga simu siku hiyohiyo.

Siku ya safari yenyewe, usiunganishe ndege ya Kigoma na ya nje siku moja kama ni tiketi mbili tofauti. Ya Kigoma ikichelewa, ile kubwa haikusubiri na hakuna anayekupa pole. Fika Dar siku moja kabla. Ya ndani inashukia Terminal 2 na ya nje inapaa Terminal 3, ni karibu ila sio jengo moja, na wewe una begi. Zile karatasi zote za viza ziwe kwenye mkoba wa mkononi, maana Zürich askari anaweza kukuuliza mwaliko na hoteli, na wewe begi kubwa bado linazunguka huko ndani hujalifikia. Tena tangu mwezi wa kumi 2025 wameanza mfumo wa kusajili wageni kwa mashine badala ya mihuri, picha inapigwa palepale, usipange treni ya dakika ishirini baada ya kutua.

Na ukifika kule, kwenye chai, waulize habari za samaki wao wa Felchen. Bodensee, hilo ziwa lao la Konstanz, ni ya nchi tatu kama letu lilivyo la nchi nne, na kuanzia Januari 2024 walifunga uvuvi wa huyo samaki kwa miaka mitatu. Sisi 2024 hiyohiyo tulifunga ziwa miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, na unajua mwenyewe bei ya mgebuka ilivyokuwa hapa. Kina chao ni mita 251, letu linapita mita 1,400. Usiwaambie hivyo siku ya kwanza.

Mwangaluka mama. Mimi mwalimu wa chuo hapa Tabora, mwezi wa 12 naenda Leipzig kwenye mkutano wa lugha, viza nimeshapata namshukuru Mungu. Shida ni mama mkwe, kanifungia asali lita tatu na kapu la maembe nimpelekee profesa alienisimamia. Nikikataa nitaonekana nina maringo. Vinaruhusiwa? – Ipuli, Tabora

Mwangaluka mwanangu. Asali ndio, lita tatu hapana, maembe hapana kabisa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ukitokea huku kwetu ni hivi: asali unaruhusiwa kilo mbili kwa mtu, kwa matumizi yako au zawadi, sio biashara. Lakini ni kilo mbili, sio lita mbili, na hapo ndo wengi wanakamatwa, maana asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo na gramu mia nne. Lita tatu ni kilo nne na kitu, utaacha zaidi ya nusu kwenye meza ya forodha. Beba lita moja, iliyobaki mwambie mama mkwe ni ya kwako na watoto, atafurahi hata zaidi. Weka kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, usijaze mpaka juu, zungushia plastiki ya jikoni mdomoni, halafu mifuko miwili, halafu katikati ya nguo usizozipenda sana. Na iende kwenye begi kubwa la chini, kwenye mkoba wa juu asali wanaihesabu kama kimiminika, mwisho mililita 100. Nimeona kwa macho yangu mtu wa Urambo analamba asali yake pale ukaguzi kwa hasira, kasema afadhali niinywe kuliko niwaachie.

Maembe ya Tabora najua ni mazuri, na ile miembe mikubwa ya barabarani watu wanasema ni ya tangu enzi za misafara, lakini tangu Desemba 2019 matunda karibu yote yanataka cheti cha afya ya mimea. Yanayosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa iyo kama mama mkwe atalia, mpelekee profesa nanasi.

Kwa watu wa Kigoma wanaosoma hapa kwa wivu, dagaa wakavu mnaruhusiwa, samaki wa matumizi binafsi mwisho ni kilo 20. Nyama na maziwa ndo marufuku, hata ile nyama iliyokaushwa ya bibi. Ila dagaa wa Kigoma wakikaa begi moja na suti masaa kumi na nne, utatoa prezentesheni watu wa mbele wanaangaliana.

Mama Safari pole na kazi. Mimi mwanafunzi wa masters natokea Ujiji. Nimepata imeili inanisifia sana, wananiita mwanazuoni mashuhuri, wanataka nikawe mzungumzaji mkuu kwenye mkutano wa kimataifa Paris. Nilituma abstrakti, yaani muhtasari wa utafiti wangu, jioni, asubuhi yake wakaikubali. Wanataka dola 450 za usajili ndani ya siku tano ndo watume barua ya mwaliko. Baba yuko tayari kuuza ng'ombe. Nifanyeje? – Ujiji

Mwambie baba amrudishe ng'ombe zizini haraka.

Mwanangu mimi sikudharau, lakini mwanafunzi wa masters kuwa mzungumzaji mkuu kwa watu wasiomjua ni sawa na mtu kukuita uje kuwa bwana harusi kwenye harusi ya watu. Abstrakti kwenye mkutano wa kweli inasomwa na watu wawili watatu wenye kazi zao nyingine, inachukua wiki au miezi. Iliyokubaliwa usiku kucha haijasomwa na mtu.

Angalia vitu hivi. Hao waandaaji wana mikutano mingapi? Ukikuta wiki hiyohiyo, hoteli hiyohiyo, wana mkutano wa saratani, wa saruji, wa elimu ya awali na wa kilimo, basi hiyo ni biashara ya kukodi chumba. Angalia kamati ya kitaaluma wameandika majina gani, halafu chukua jina moja ukalitafute kwenye ukurasa wa chuo chake, mwandikie kwa anwani ya chuo, sio ile ya kwenye tangazo, muulize kwa adabu kama kweli yumo. Mara nyingi utajibiwa hata hajui jina lake linatumika. Angalia pesa inaenda kwa nani, akaunti ya mtu binafsi au ya taasisi.

Sasa usije ukatoka hapa ukafikiri kila anayeomba ada ni tapeli. Mikutano ya kweli nayo ina ada, tena kubwa, lakini mingi ina ada nafuu kwa wanafunzi na kwa watu wa nchi zetu, na mingine ina mfuko wa kusaidia nauli, unaomba kwa fomu yenye tarehe ya mwisho yake ambayo inatangulia sana siku ya mkutano. Muulize msimamizi wako yeye huwa anaenda mikutano gani, anzia hapo. Na hata ukishalipa ada halali, barua ya mwaliko sio viza, na viza ikikataliwa uliza kabla kama ada inarudi na inarudi kiasi gani.

Mama, naenda kuonyesha posta, lile bango la utafiti, kwenye mkutano, wameandika saizi A0. Hiyo kitu naibebaje kutoka Kasulu mpaka Ulaya bila kukunjamana? – Kasulu

A0 ni sentimita 84 kwa 119, yaani karibu mlango wa kabati. Mimi nilifanya ujanja wangu, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kipande cha bomba la plastiki la inchi nne na vifuniko viwili, nikaviringisha posta ndani, nikajiona injinia. Kwenye treni kila mtu ananipisha. Tabora tumesimama muda mrefu wanaunganisha mabehewa ya Mwanza, mama mmoja muuza asali dirishani akaniuliza, fundi, choo cha behewa la ngapi kimeharibika? Nikamwambia hapana mama mimi ni mtafiti. Akacheka akasema hata mtoto wangu anasemaga hivyo.

Bomba lilifika salama. Kilichoharibika ni kingine kabisa, ubao niliopewa ulikuwa wa kusimama na posta yangu niliichapa ya kulala, kwa iyo siku nzima mabawa mawili ya matokeo yangu yalikuwa yananing'inia hewani, majirani zangu wa kulia na kushoto wananivumilia tu. Uliza kwanza, wima au ulalo. Halafu siku hizi achana na mabomba, kachapishe kwenye kitambaa ukifika Dar, unaikunja kama khanga unaweka kwenye begi, ukifika unaipiga pasi kidogo kwa nyuma. Faili libaki kwenye simu na kwenye imeili, likipotea begi unachapa kulekule.

Vidogovidogo vya kwako na wengine wote: chaja zetu za pini tatu za mraba haziingii Ujerumani, kule ni pini mbili za duara, nunua adapta Kariakoo kabla, umeme wenyewe ni uleule wa volti 230. Saa zao ukienda mwezi wa tisa ziko nyuma yetu saa moja, mwezi wa 12 saa mbili. Na ukiona kwenye ratiba ya chuo cha Ujerumani wameandika 9 c.t. maana yake wanaanza saa tatu na robo, wakiandika 9 s.t. ni saa tatu kamili. Sio saa tisa, nasema kwa sababu nimeona Mtanzania kaja saa tisa alasiri. Laini ya simu utakayonunua Ujerumani uliza kama bando linafanya kazi Uswisi, kwa sababu pale Konstanz simu inadaka mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza, kama ya kwako inavyokuwa Manyovu unajikuta unakaribishwa Burundi na hujavuka.

Habari Mama Safari. Waandaaji wanasema nijilipie nauli halafu watanirudishia baada ya mkutano. Wamenitumia fomu inataka IBAN, benki yangu hapa Kigoma wananiangalia tu. Ni nini hiyo? – Mwanga, Kigoma

Nzuri. IBAN ni namba ndefu za akaunti wanazotumia Ulaya, Tanzania hatuna mfumo huo, kwa iyo benki yako hawakufichi kitu. Waandikie waandaaji mapema kwamba nchi yako haitumii IBAN, wape namba ya akaunti, jina kama lilivyo benki, jina la benki na tawi, na SWIFT code, yaani namba ya kuitambulisha benki yako kimataifa, hiyo wanayo pale dirishani ukiomba. Usiache mpaka baada ya mkutano, maana yule aliyekuwa anakujibu imeili kila siku, mkutano ukiisha anaenda likizo. Uliza pia makato ya kutuma nje yanatoka kwa nani. Na kama una nafasi ya kuomba wao wanunue tiketi moja kwa moja, omba bila aibu, sio kila mtu ana milioni tatu za kuwakopesha wazungu.

Risiti zote zitunze, ya basi, ya treni, ya hoteli ya Dar, na kile kipande cha kupandia ndege, vyote vya kwenda na vya kurudi, vipige picha siku hiyohiyo. Mimi cha kurudi nilikifanya alama ya kitabu, kitabu nikakiacha kwenye kiti cha treni mahali baada ya Kaliua, na wale watu wakanijibu kwa upole sana kwamba bila kile kipande hawana uhakika kama nilirudi. Nikawaandikia, jamani, nawajibu nikiwa Kigoma.

Hawakulipa.